Fidia ya kikatio kwenye CNC ya milingi: G41, G42 na namba ya D

Maswali ya wanaoanza kwenye CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, ni yale yale. Kipande kimezidi milimita 0.06, je, nirudi kubadilisha programu? D, yaani namba inayosema kikatio kisogee pembeni kiasi gani, niiongeze au niipunguze? Mbona nikiweka G41, amri ya kuwasha fidia, mashine inapiga alamu? Mbona endmili, yaani kikatio chenyewe, imekula kona? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia maandalizi hadi kipande kufika kipimo.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: ukipunguza namba ya D, endmili inasogelea kipande na kula zaidi. Ukiiongeza, inakaa mbali na kuacha nyama. Uwe unakata ukuta wa nje au ukuta wa shimo, kanuni haigeuki. Anayeyumba hapa ndiye anayeharibu vipande, kwa sababu shimo likiwa dogo anadhani lazima aongeze D. Hapana. Shimo dogo maana yake endmili haijaufikia ukuta, kwa hiyo unapunguza.

Nadharia yake ni fupi. Programu unaiandika kwa vipimo vya mchoro, kana kwamba endmili ni ncha ya sindano. Kidhibiti, yaani kompyuta ya mashine, kinasoma namba ya D iliyo kwenye jedwali la ofseti (viasi vya kusogeza), kisha kinasogeza kitovu cha endmili pembeni kwa kiasi hicho. G41 inakipeleka kushoto mwa njia, G42 kulia, na kushoto na kulia unakujua kwa kujiweka nyuma ya endmili ukitazama inakoelekea. G40 inafuta fidia. Kwenye vidhibiti vya Heidenhain maandishi ni RL, RR na R0, lakini mantiki ni ile ile.

Kabla ya kuanza, hakikisha unavyo hivi

- Kidhibiti kinachokubali G41 na G42. Fanuc, Haas, Siemens na LinuxCNC vinakubali. GRBL haikubali, huko fidia yote lazima ifanywe na CAM, programu ya kompyuta inayotengeneza njia za kukata.
- Maikromita inayosoma 0.01 au chini ya hapo. Kalipa inatosha kwa mkato wa awali, haitoshi kwa kipimo cha mwisho.
- Kipenyo halisi cha endmili. Endmili iliyonolewa upya ikiandikwa 10 inaweza kuwa 9.8, na tofauti hiyo ukiipuuza utaikuta ukutani mwa kipande.
- Kipande ghafi kilichobanwa vizuri kwenye jiliwa. Kwa mfano wetu ni alumini ya 52 x 52, inayotakiwa kubaki 50 x 50, yaani kuna milimita 1 ya kuondoa kila upande.
- Jibu la swali moja: mashine yako inasoma D kama nusu kipenyo au kama kipenyo kizima?

Swali hilo la mwisho usilijibu kwa kubahatisha. Fanuc nyingi zimewekwa kwa nusu kipenyo, ingawa kuna parameta ya kubadilisha. Haas ina Setting 40 inayochagua kati ya hizo mbili. Jedwali la LinuxCNC linataka kipenyo. Ukiandika 5.000 ukidhani ni nusu kipenyo, kumbe mashine inasoma kipenyo, endmili itasogea 2.5 tu badala ya 5 na itakula milimita 2.5 ndani ya kila ukuta. Hatua ya 5 ina jaribio la kupata jibu bila kugusa kipande.

Hatua

1. Chagua mwelekeo wa kuzunguka kipande. Kwa spindeli inayozunguka M03 (mwelekeo wa saa) na endmili ya kawaida ya mkono wa kulia, tumia G41 karibu kila mara. Ukuta wa nje uzunguke kwa mwelekeo wa saa, ukuta wa ndani uzunguke kinyume cha saa. Hapo jino linaingia likiwa na chipu nene na kutoka na chipu nyembamba, ukuta unatoka laini na ncha za meno zinadumu. G42 ibaki kwa mashine za zamani zenye ulegevu kwenye skrubu za meza, ambako mkato wa G41 unaweza kuivuta meza.

2. Andika namba kwenye jedwali la ofseti. Endmili namba 1 itumie H01 kwa urefu na D01 kwa fidia. Kulinganisha namba hivi si sharti la mashine, ni kinga yako: siku una endmili kumi na mbili kwenye magazini (ghala la endmili la mashine), D07 iliyoandikwa kwa endmili ya 4 haionekani kwa macho ya haraka.

Kwa kipande cha kwanza usiandike nusu kipenyo kamili. Endmili ya 10 iandikie 5.100. Hiyo 0.1 ya ziada inaacha nyama ya kupima, na chuma kilichobaki unaweza kukikata, kilichokwisha kukatwa hukirudishi. Kama jedwali lako lina safu mbili, ya umbo na ya uchakavu, weka 5.000 kwenye umbo na 0.100 kwenye uchakavu. Kidhibiti kinazijumlisha, nawe marekebisho yote ya baadaye yanaingia kwenye uchakavu tu.

3. Panga mstari wa kuingilia. Hapa ndipo alamu nyingi zinapozaliwa. Fidia haiwaki endmili ikiwa imesimama. Inajengeka wakati wa mwendo. Kwa hiyo mstari wenye G41 unatimiza masharti haya:

- ni mwendo wa moja kwa moja, G00 au G01, kamwe si tao la G02 au G03;
- ni mrefu kuliko ofseti. Kwa D ya 5.1 mstari wa milimita 4 haufai; weka 10 au zaidi;
- unakwenda kwenye X au Y. Mwendo wa Z peke yake haujengi fidia kwenye G17 (bapa la X na Y);
- unatokea nje ya kipande, mahali ambapo endmili nzima iko hewani.

4. Andika programu. Sifuri ya kazi iko kwenye kona ya chini kushoto ya kipande kilichokamilika. Kipande ghafi kinaanzia X-1 Y-1.

O1001
G17 G21 G40 G49 G80 G90
T1 M06
G54 G00 X-20. Y-15. S4000 M03
G43 H01 Z25. M08
Z2.
G01 Z-6. F400
G41 D01 X0.
Y50.
X50.
Y0.
X-15.
G40 Y-20.
G00 Z25. M09
G91 G28 Z0.
G90
M30

Itazame mistari miwili. Ule wa G41 unatembea kutoka X-20 kwenda X0, Y ikiwa imebaki -15, kisha mstari unaofuata unapanda kuelekea Y50. Kuna pembe mraba kati yao, na mwisho wa kuingilia kitovu kinasimama X-5 (au X-5.1 kwa ofseti yetu), chini kabisa ya kipande. Mkato unaanza endmili ikiwa tayari kwenye mstari wake. Mwishoni, X-15 inaipitisha endmili kona ya mwanzo, ndipo G40 inaiondoa kwa mwendo wa Y. Ukiweka G40 pale pale X0, endmili itajinyoosha ikiwa bado imegusa ukuta na kuacha alama.

G40 kwenye mstari wa juu isikosekane. Programu iliyokatishwa katikati jana inaweza kuwa imeiacha fidia ikiwa hai.

5. Jaribu hewani. Pandisha sifuri ya Z kwa milimita 50, washa mwendo wa mstari mmoja mmoja na upunguze kasi ya mwendo wa haraka. Kwa jaribio hili pekee andika 5.000 kamili kwenye D01, uchakavu ukiwa 0. Soma X ya mashine kabla ya mstari wa G41, isome tena baada yake. Endmili ikitembea 15.000, kidhibiti kinasoma nusu kipenyo. Ikitembea 17.500, kinasoma kipenyo, na ofseti zako zote lazima ziandikwe kwa kipenyo, yaani mara mbili ya nusu kipenyo. Ikitembea 20.000, fidia haijafanya kazi: D01 ni sifuri, au umeandika D nyingine.

Hilo la 20.000 ndilo baya kuliko yote. G41 yenye D00, au D ambayo haijajazwa, haipigi alamu. Mashine inatembeza kitovu juu ya mstari wa mchoro na endmili inakula milimita 5 ndani ya kipande pande zote, kimya kimya. Ndiyo maana hatua hii hairukwi hata kama umechelewa.

Rudisha 5.100 (10.200 kwa mashine ya kipenyo) na sifuri ya Z mahali pake.

6. Kata, kisha pima. Usikitoe kipande kwenye jiliwa. Puliza chipu, ondoa ncha kali kwa tupa laini, acha kipoe. Alumini ya milimita 50 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inaongezeka kama 0.023, na huo ni upana wa tolerensi nyingi, yaani kosa la kipimo linaloruhusiwa. Pima X sehemu mbili na Y sehemu mbili, juu na chini ya ukuta.

7. Rekebisha D. Tuseme unataka 50.00 na umepata 50.24. Ziada ni 0.24, lakini imegawanyika kwenye kuta mbili, kwa hiyo kila ukuta una 0.12. Kwa nusu kipenyo:

5.100 − 0.120 = 4.980

Kwa mashine ya kipenyo unatoa 0.24 nzima: 10.200 − 0.240 = 9.960.

Usishangae kuwa jibu si 5.000. Ndani ya namba hiyo kuna kipenyo halisi cha endmili, kupinda kwake chini ya mzigo na kuyumba kwake kwenye kishikio. Fidia inavibeba vyote kwa pamoja.

Hata hivyo, usiruke kwenda 4.980 mara moja kama tolerensi ni finyu. Mkato wa kwanza uliondoa karibu 0.9 kila upande, wa pili utaondoa 0.12 tu. Mzigo ukipungua, endmili haipindi kama ilivyopinda mwanzo, inaelekea kunyooka, na itakula kuliko hesabu inavyosema. Weka 5.030 kwanza, kata, pima, kisha malizia. Vipande viwili vya kwanza vikishapita hivi, vinavyofuata unavikata moja kwa moja kwa ofseti mbili: D11 ya mkato wa awali ikiwa 5.250, na D01 ya umaliziaji. Programu ndogo ya umbo ni ile ile, unaiita mara mbili, kila mara kwa D yake. Kumbuka tu kupita G40 kabla ya kubadilisha D.

Ukuta wa ndani: kuingia kwa tao

Ndani ya shimo huna nje ya kukimbilia. Ukiufikia ukuta kwa mstari ulionyooka na kugeuka hapo hapo, unaacha kovu linaloonekana na kuhisiwa kwa ukucha. Dawa ni kuwasha fidia kwa mstari ulionyooka, kisha kuugusa ukuta kwa tao. Mfano ni shimo la kipenyo cha 40 lililokwisha kufunguliwa hadi 39, kwa endmili ya 12, kitovu cha shimo kikiwa X0 Y0:

G01 G41 D02 X10. Y-10. F400
G03 X20. Y0. R10. F280
I-20.
X10. Y10. R10.
G01 G40 X0. Y0. F400

Tao la kuingilia lina R10, kubwa kuliko nusu kipenyo cha endmili ambayo ni 6. Ukiandika R5 kidhibiti kitakataa, kwa kuwa endmili ya nusu kipenyo cha 6 haigeuki ndani ya tao la 5. Kanuni hiyo inagusa kona zote za ndani zenye tao: R ya mchoro lazima iwe kubwa kuliko D. Na isiwe sawa kabisa nayo. Kona ya R5 kwa endmili ya 10 inawezekana kwa hesabu, lakini ukiongeza uchakavu wa 0.1 tu inapiga alamu, na hata isipopiga, endmili inakumbatiwa na ukuta pembeni na kuanza kutetemeka. Chukua ya 8.

F, namba ya kasi ya kukata njia, imeshuka kwenye duara kwa sababu. Kwenye vidhibiti vingi F ni kasi ya kitovu, na ndani ya shimo ukingo wa endmili unasafiri njia ndefu kuliko kitovu chake. Zidisha F kwa (R − r) kisha gawanya kwa R, ambapo R ni nusu kipenyo cha tao la ukuta na r ni cha endmili. Hapa ni 400 × 14 ÷ 20 = 280. Kwenye kona ndogo tofauti inatisha: tao la R8 kwa endmili ya 10 linataka 400 × 3 ÷ 8, yaani 150. Kama kidhibiti chako kinashusha kasi chenyewe kwenye matao ya ndani, usifanye hesabu hii mara ya pili.

Ukitumia programu ya CAM

CAM inakupa njia mbili, na kuzichanganya ni hatari ya kweli.

Ya kwanza: CAM inatoa njia ya ukuta wa mchoro, nawe unaweka nusu kipenyo kizima kwenye D, kama tulivyofanya hapo juu.

Ya pili, ambayo karakana nyingi huipenda: CAM inatoa njia ya kitovu ikiwa imeshaihesabu endmili ya 10, halafu G41 inabeba tofauti ndogo tu. Hapo D inaanza na 0, au 0.1 kwa kipande cha kwanza, kisha inashuka hadi labda -0.02. Namba hasi hapa ni ya kawaida. Faida yake ni kwamba mstari wa kuingilia unaweza kuwa mfupi, na ukisahau D kosa ni la sehemu ya milimita.

Ukiweka 5.000 kwenye programu ya njia ya pili, endmili itakaa milimita 5 mbali na kipande na haitakata kitu. Ukiweka 0 kwenye programu ya njia ya kwanza, umepoteza kipande. Andika aina ya fidia kwenye mstari wa maelezo juu ya kila programu, ili anayepokea zamu asikisie.

Yanapokwenda kombo

*Alamu 034 kwenye Fanuc.* Umewasha au umezima fidia kwenye mstari wa G02 au G03. Weka kipande kifupi cha G01 kabla au baada ya tao.

*Alamu 041.* Kidhibiti kimeona endmili itakula kipande. Tafuta kona ya ndani yenye tao dogo kuliko D, mfereji mwembamba kuliko endmili, au hatua fupi kuliko ofseti. Wakati mwingine programu ni nzima na kosa liko kwenye jedwali: mtu ameandika 50.00 badala ya 5.000.

*Alamu 037.* Kuna G18 au G19 (amri za kubadilisha bapa) imeingia fidia ikiwa hai. Zima kwanza kwa G40.

*Kona imeliwa bila alamu yoyote.* Angalia kama katikati ya umbo kuna mistari miwili au zaidi mfululizo isiyo na mwendo wa X wala Y: Z, kisha M08 (maji ya kupoza), kisha G04 (kusubiri), kwa mfano. Kidhibiti kinasoma mistari inayokuja ili kujua pa kukatisha kona. Kikikuta mistari isiyo na mwendo kinapoteza hesabu ya makutano na kupeleka endmili mbele kuliko inavyotakiwa. Z na M ziweke kabla ya G41 au baada ya G40.

*Kipimo hakibadiliki ingawa umebadilisha D.* Umebadilisha safu ya H, au umebadilisha D02 wakati programu inaita D01. Uwezekano mwingine ni kwamba mistari ilikuwa imeshasomwa kabla hujabadilisha; simamisha na uanze programu upya.

*Umepunguza D kwa 0.03 na kipande kimepungua 0.03 badala ya 0.06.* Mashine inasoma kipenyo.

*X ni sawa, Y imezidi.* D inasogeza kuta zote kwa kiasi kimoja, haiwezi kuponya hili. Kagua kipande kilivyokaa kwenye jiliwa na ulegevu wa skrubu za mashine.

*Juu ya ukuta ni 50.00, chini ni 50.05.* Endmili inapinda. Ifupishe kwenye kishikio, punguza kina, au rudia mkato wa mwisho mara moja zaidi kwa D ile ile. Ukiipunguza D hadi chini ifike 50.00, juu itakuwa imepungua.

*Ukuta umekuwa na mawimbi baada ya kutumia G51.1, amri ya kugeuza umbo kama kwenye kioo.* Kugeuza mhimili mmoja kunageuza pia upande wa mkato, na G41 inafanya kazi kama G42. Kwa kuta za mwisho andika umbo la upande wa pili upya.

*Endmili mpya imevunjika ikiingia, wakati ile ya zamani ilikuwa sawa.* Ile ya zamani ilikuwa na uchakavu wa -0.08 na hakuna aliyeufuta. Kila unapobadilisha endmili, rudisha uchakavu kwenye +0.100 na uanze tena hatua ya 6.